Kwenda Pangani mwezi gani? Inategemea unauliza mwezi upi

"Asalaam aleikum. Naishi Maskati na watoto wawili, wa miaka 7 na 11. Mama yangu ana miaka 71, alizaliwa Pangani na hajarudi tangu utotoni. Magoti yanamsumbua na ana pumu. Shule za huku zinafungwa katikati ya mwaka, kwa hiyo nimepanga Julai. Binamu yangu wa Dar ananikataza. Anasema Julai ni kusi na bahari imechafuka, kisiwa cha Maziwe kinazama masika hakionekani mpaka kiangazi, mto ni tope tupu, bora nisubiri Desemba kuna jua. Mwingine anasema nisijisumbue, Pangani ni magofu, nusu siku inatosha. Mama anachotaka ni kuuona mto na nyumba yao iliyokuwa karibu na Forodhani. Watoto wanataka kisiwa. Niende lini?"

Waaleikum salaam, dada. Katika swali lako nimeona hofu mbili zimefungwa furushi moja. Ya kwanza, Bi Mkubwa asije akafika baada ya miaka yote hiyo akakaa dirishani kuangalia mvua. Ya pili, usije ukawavusha watu wanne bahari kwenda kuona kuta zilizobomoka. Nitaanza na jibu, maelezo yafuate: Julai nendeni. Ila msikae siku moja, kaeni nne au tano, na tarehe za kufika msizipange kwa kalenda ya ukutani peke yake.

Binamu yako si mwongo. Kila alilokwambia lina ukweli ndani yake, ila ameyachanganya mambo matatu ambayo Pangani kila moja hufuata saa yake. Kuna upepo, kuna mvua ya milimani, na kuna mwezi. Nikisema mwezi sikusudii Julai wala Desemba, nakusudia ule wa angani. Mgeni anauliza "nije mwezi gani?" na mvuvi wa Pangani anamjibu "mwezi ngapi leo?", kila mmoja akidhani mwenzake hajasikia.

Tuanze na upepo, kwa sababu huu unaufahamu bila kujua. Ule ukungu na manyunyu ya Salalah, ambayo watu wa Maskati huyakimbilia Julai na Agosti mkiyaita khareef, unaletwa na kusi hii hii yetu. Jua likihamia kaskazini, bara la Asia linapata moto, hewa juu yake inapanda, na pengo hilo linavuta upepo kutoka huku kusini mwa dunia. Kwetu unapita ukitokea kusini-mashariki. Ukishavuka ikweta unapinda, ukifika Uarabuni unavuma kutoka kusini-magharibi na kugonga milima ya Dhofar. Kwa hiyo mkishuka Pangani Julai mtakuwa mmeufuata upepo wenu kwenye chimbuko lake. Miezi ya mwisho na ya mwanzo wa mwaka mambo yanageuka: kaskazi inavuma kutoka kwenu kuja kwetu, na hiyo ndiyo iliyowaleta wazee wa mama yako na majahazi yao. Walikuja na kaskazi, wakarudi kusi inapoanza kukamata, au walingoja demani, mwisho wa kusi, ilipolegea. Katikati, Juni na Julai, nahodha mwenye akili hakufungua tanga kwenda Uarabuni. Hapo ndipo penye ukweli wa binamu yako: bahari kuu katika kusi haina mzaha.

Lakini mji wa Pangani hauko bahari kuu. Umekaa ndani ya mdomo wa mto, ukingo wa kaskazini, na upande wa pili Bweni pameinuka, pakiupokea upepo kabla haujawafikia. Ukikaa barazani mbele ya mto unapata upepo wa kutosha kuhitaji mtandio, na si zaidi. Hewa ya Julai mchana hufika nyuzi 28 hivi, usiku hushuka mpaka 20 au karibu na hapo. Sisi tunakiita kipupwe na tunavaa masweta. Ninyi mnaotoka kwenye nyuzi 40 na ushei mtaona ni neema. Mvua za mchoo huja, hasa alfajiri. Zinapiga dakika chache, zinaondoka. Pwani ya Tanga haikauki kabisa katikati ya mwaka kama Dodoma, kwa hiyo msije mkadhani mmedanganywa mkilowa mara moja mbili.

Desemba unayoambiwa ni ya jua kweli, lakini ni jua la kiangazi lenye unyevu, na mvua za vuli ambazo kilele chake huwa Novemba zinaweza kuvuka mpaka sikukuu. Kijana anayekuja kuogelea atafurahi. Mtu wa miaka 71 anayetaka kutembea mitaani taratibu akigusa milango, Desemba saa nane mchana itamrudisha chumbani. Februari na Machi mwanzoni ni joto zaidi, nyuzi 32 na kuendelea, ingawa bahari hapo hutulia na maji huwa safi. Burton na Speke, wale Waingereza waliofika Pangani mwaka 1857 kabla ya safari yao kubwa ya bara, walikuja Februari, wakapanda Usambara mpaka Fuga kwa Kimweri, mtawala wa huko, na waliporudi mjini homa ikawalaza wote wawili.

Kama ungekuwa huru kuchagua na hamna shule, ningekwambia Oktoba, mwanzoni. Kusi imechoka, kaskazi haijafika, vuli haijashika. Wazee wa chombo huita vipindi vya namna hii tanga mbili, maana upepo unakuruhusu kwenda huku na huku. Miezi ambayo ningekukatalia waziwazi ni Aprili na Mei. Hapo masika inanyesha kweli, mifereji ya mji inashindwa, hasa mvua kubwa ikikutana na maji makuu ya bahari, na njia za vumbi zinageuka utelezi.

Hilo linatuleta kwenye mto na tope lake. Watu wengi, hata wa Tanga mjini, wanaamini mto ukibadilika rangi ni kwa sababu imenyesha Pangani. Mto huu unasafiri karibu kilomita 500. Kikuletwa unakusanya maji ya Meru na Kilimanjaro, Ruvu unaleta ya upande wa mashariki wa Kilimanjaro na Upare wa kaskazini, inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawa lile lilijengwa miaka ya 1960, nalo linayazuia maji na kuyaachia kwa kipimo. Chini yake, karibu na Korogwe, mto unapokea Mkomazi na Luengera, ambayo inashuka kutoka Upare na Usambara bila bwawa kubwa la kuizuia. Halafu unapita Hale na maporomoko ya Pangani, kwenye mitambo ya umeme, mmoja wa mwaka 1964 na mwingine wa 1995, ndipo unalala na kujikokota kupita minazi na mikoko mpaka mjini. Kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha Lushoto leo, mto utakuja na udongo wa Lushoto baada ya siku chache, hata kama Pangani jua linawaka. Masika yakiisha milimani, Juni mto unaanza kushuka, na Julai mwishoni rangi ya chai ya maziwa imepungua. Hautakuwa kama kioo. Haujawahi kuwa kioo, na Bi Mkubwa anajua hivyo kuliko sisi.

Mto ukipungua, bahari inaingia. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya mvua, kwa hiyo yanapenya chini huku maji baridi yakielea juu, na wakati wa ukame yanapanda kilomita nyingi. Wakulima wa kando ya mto wanalalamika miaka mingi sasa kwamba chumvi inafika mahali ambapo babu zao walichota maji ya kunywa. Maji mengi yanatumika juu, kwenye mashamba na miji, na kinachobaki hakina nguvu ya kuisukuma bahari. Nalitaja kwa sababu mama anaweza kuonja kwa kiganja kama alivyofanya utotoni, halafu akashangaa. Asinywe.

Sasa kisiwa. Hapa binamu yako amekosea zaidi ya pote, na kosa hili nalisikia kila mwaka. Maziwe hakizami masika. Kinazama kila siku, mara mbili, maji yakijaa, na kinaibuka mara mbili yakipwa, iwe Aprili au Desemba. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje na majani. Mpaka miaka ya 1970 kasa walikuwa wakitaga chini ya miti hiyo kwa wingi. Miti ikapotea, mchanga ukakosa wa kuushika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa tena na kitu cha kusimama juu ya maji makuu. Leo ni fungu la mchanga mweupe lililozungukwa na matumbawe, kilomita kadhaa kutoka pwani, nalo huhama kidogo kila msimu kwa kusukumwa na kusi upande huu na kaskazi upande ule. Kasa bado wanapanda kutaga, hawajui kwamba kisiwa chao hakipo. Mayai yakiachwa pale yanafunikwa na maji, kwa hiyo watu wa uhifadhi huyahamisha mpaka ufukwe wa Ushongo, kusini ya mji. Vifaranga hutoka baada ya siku kama 50 au 60, na kwa kuwa kilele cha kutaga ni masika, wengi wanaanguliwa miezi hiyo hiyo ya likizo ya watoto wako. Ulizeni mkifika kama kuna shimo linalokaribia. Kwa mtoto wa miaka 7, hilo litazidi kisiwa.

Basi kufika Maziwe ni suala la saa, na saa hiyo anaipanga mwezi. Mwandamo na mpevu, jua na mwezi vinavuta kwa pamoja, tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti yake kwenye pwani hii inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja kinavuta upande wake, tunapata maji mafu, bahari inapanda kidogo na kushuka kidogo. Hayo utayakuta vitabuni. Ambalo wageni hawaambiwi ni kwamba kwetu bamvua ina saa zake zisizobadilika sana. Siku za bamvua maji hukauka karibu saa nne asubuhi, na hujaa karibu saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume, yanajaa asubuhi na kukauka jioni. Katikati ya vipindi hivyo saa inasogea kama dakika 50 kila siku.

Tazama sasa inavyokuangukia. Julai bahari huwa tulivu asubuhi mapema, wakati umande, ule upepo mwembamba wa nchi kavu, unapumua kwenda baharini. Kusi huchachamaa kuanzia saa tano hivi na kuendelea. Ukienda Maziwe siku ya bamvua, mnaondoka saa mbili na umande, mnafika mchanga ukiwa umeibuka, mnakaa mpaka saa tano kasorobo, mnarudi kabla ya mawimbi kuamka. Ukienda siku ya maji mafu, mchanga utakuwa mpana jioni, ambapo kusi ndiyo imepamba moto. Tofauti kati ya safari nzuri na watoto kutapika njia nzima ni juma moja tu, ndani ya Julai ile ile.

Siku hiyo hiyo ya bamvua inakupa na mto. Chombo cha kupanda mtoni kinatakiwa kwenda na maji yanayojaa na kurudi na yanayopwa. Maji yanajaa saa kumi jioni. Mkiondoka saa tisa, mkondo unawasukuma wenyewe mpaka kwenye minazi na mikoko, ndege wanarudi viotani, na mnashuka jua likizama. Halafu kuna jambo la magoti. Maji yakiwa yamejaa, ubavu wa boti unakaribiana na gati, Bi Mkubwa anapiga hatua moja ameingia. Yakiwa yamepwa atashuka ngazi zenye utelezi na kukanyaga tope. Niliwahi kufanya kosa hilo, si la mtu mwingine, langu. Nilikuwa na wageni watatu watu wazima, nikahesabu siku vibaya, tukanasa kwenye tope karibu na mikoko tukingoja maji kwa saa mbili na mbu wakitushangilia. Mmoja wao bado hunikumbusha.

Kuhesabu si kazi kwa nyumba inayofuata mwezi wa Kiislamu. Bamvua ni kuanzia mwezi mosi mpaka wa 4 hivi, na tena kuanzia wa 15 mpaka wa 18. Maji mafu ni karibu na wa 8 mpaka wa 10, na wa 22 mpaka wa 25. Fungua kalenda yenu ya Hijria, tafuta tarehe 15 inayoangukia Julai, fikeni Pangani siku mbili kabla yake. Siku hizo mbili mama atapumzika na safari.

Mama mwenyewe asiende Maziwe. Najua atataka. Boti ni ndogo, mnapanda na kushuka ndani ya maji ya magotini, hakuna kivuli kule wala pa kuegemea. Akae na mtoto mmoja akipenda, au na jamaa wa hapo mjini. Watoto wavae jaketi okozi kabla boti haijaondoka, wala wasiambiwe ziko chini ya kiti. Nahodha asiyezitoa mwenyewe, tafuta mwingine. Akikwambia leo bahari haifai, msibishane naye hata kama pesa imeshalipwa. Kuna boti ndogo pia zinazovuka kutoka kaskazini ya Unguja mpaka pwani ya Pangani, na mtu atakushauri upitie huko kuokoa muda. Julai, na mzee mwenye pumu, sikushauri. Njooni kwa ndege ndogo mpaka Tanga mjini, au kwa gari kutoka Dar kupitia Segera na Muheza. Muheza Julai machungwa yamejaa barabarani, simameni.

Kutoka Tanga mpaka Pangani ni kama kilomita 50. Njia hii ilikuwa ya vumbi na mashimo kwa miaka mingi, nayo sasa ni kipande cha barabara ya kilomita 256 inayojengwa kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani mpaka Bagamoyo, pamoja na daraja la mita 525 juu ya mto wenyewe. Juma moja kabla ya safari mpigie dereva wa Tanga, asiwe wa Dar, umuulize lami imefika wapi na daraja lina hali gani. Kwa pumu ya mama, vumbi la kilomita chache za matengenezo ni tatizo kuliko kusi nzima: vioo vifungwe, dawa yake ya kuvuta iwe mkononi, isikae kwenye begi la nyuma. Kuvuka kwenda Bweni mfanye angalau mara moja. Ukiwa ng'ambo ile, juu kidogo, ndipo unapouona mji wote umelala kando ya maji, mapaa ya mabati yenye kutu na minazi nyuma yake. Nadhani mama atauona kwanza kutoka pale, kisha ndipo atazitambua nyumba.

Huyo anayesema magofu nusu siku, nafikiri alipita na gari. Pangani haikufanywa iwe nadhifu kwa wageni, hilo ni kweli, na nyumba kadhaa zimeanguka tangu nilipoanza kupeleka watu. Lakini mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka upande wa Kilimanjaro na Umasaini, ukauza pembe, sukari na watu. Boma, lenye milango ya nakshi, lilianza kama nyumba ya tajiri wa Kiomani mwanzoni mwa karne ya 19 kabla ya kugeuzwa ofisi ya serikali. Forodha ya Wajerumani ipo kando ya mto. Mtaa wa maduka ya Wahindi wenye baraza na roshani za mbao bado unapitika. Ng'ambo, eneo la Kikokwe, ndipo ulipooteshwa mkonge wa kwanza nchini: mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutoka kwa hiyo 62 yakatoka mashamba yote unayoyaona njiani kuanzia Segera. Simulia hilo ndani ya gari, watoto wahesabu mistari ya mkonge.

Kuna historia nyingine ambayo lazima uamue mapema utaisemaje, kwa sababu watoto watauliza na mama atakuwa amekaa pale pale. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ilitaka kupandisha bendera yake hapa baada ya Sultani kuikodisha pwani. Afisa wake, Emil von Zelewski, alifanya dharau mpaka msikitini, na mji ukalipuka. Aliyeongoza ni Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa la hapo Pangani. Wissmann, kamanda wa Kijerumani, aliurudisha mji mikononi mwa Wajerumani Julai 1889, na Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka ule. Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, yalimkuta Lugalo mwaka 1891 mbele ya majeshi ya Mkwawa. Abushiri ni shujaa wa kupinga ukoloni, na Abushiri alimiliki watumwa. Yote mawili ni kweli. Mashamba yale ya miwa yalilimwa na watumwa, na mwaka 1873 watumwa wa Pangani waliasi wenyewe, miaka 15 kabla ya vita vya Abushiri.

Muongozaji anaweza kukwambia kwamba chini ya nguzo za Boma walizikwa watumwa wakiwa hai ili nyumba iwe imara. Hiyo ni hadithi ya mdomo, na hadithi kama hiyo imesimuliwa kuhusu majumba mengi ya pwani. Mimi siifundishi kama ushahidi, lakini pia simnyamazishi anayeisimulia, maana anaeleza jinsi watu walivyoziona kuta zile. Mtoto wa miaka 11 anaweza kusikia yote haya. Zungumza na mama usiku kabla, peke yenu, asije akashtukizwa barabarani na jambo linalougusa ukoo wake.

Kuhusu afya sitakuzunguka: udhaifu mkubwa wa Julai haumo baharini, ni mbu. Masika ikiisha madimbwi yanabaki, na miezi ya baada ya masika ndiyo yenye malaria zaidi pwani. Watoto wako wamekulia Maskati, miili yao haijawahi kupambana nayo, na kinga aliyokuwa nayo mama utotoni imekwisha zamani. Muone daktari ana kwa ana si chini ya wiki nne kabla ya safari, ukiwa na uzito wa kila mtoto na orodha ya dawa zote za mama, achague dawa ya kuzuia isiyogombana na hizo. Mpango wa pumu mwombe kwa maandishi. Chandarua kila kitanda, mikono mirefu baada ya magharibi, na ile safari ya mtoni jioni mjipake dawa kabla ya kupanda. Mtoto akipata homa mkiwa Pangani msimpe panadol mkangoja kesho. Hospitali ya wilaya ipo mjini, na hospitali kubwa ya mkoa ni Bombo, Tanga. Homa ikija mkishafika Maskati, hata baada ya miezi miwili, neno la kwanza kwa daktari liwe "tulikuwa Tanga, tunataka kipimo cha malaria." Daktari asiyeambiwa atafikiria mafua.

Na wasiogelee mtoni. Pale mdomoni bamvua ikipwa mkondo unamshinda mtu mzima mwenye nguvu, na juu zaidi kuna mamba. Kuogelea ni Ushongo, maji yakiwa yamejaa.

Imebaki nyumba ya mama. Usianze na serikali, na tafadhali usifike mlangoni na bahasha ya karatasi kwapani. Nyumba nyingi za mji ule zimeshapita mikono mingi, na familia iliyomo ikiona mgeni kutoka Omani ana makaratasi itadhani mmekuja kuidai, mlango utafungwa na hautafunguliwa tena. Kama kweli kuna dai la mali, hilo ni la wakili wa Tanga, lisichanganywe na safari hii. Mje na picha ya zamani, jina la babu na la bibi, jina la jirani yeyote mama anayemkumbuka, hata la utani. Baada ya sala ya alasiri nendeni kwenye baraza za karibu na Forodhani ambapo wazee wanakunywa kahawa. Mama akae, asalimie, aagizwe kikombe, aseme yeye ni mtoto wa nani. Wewe nyamaza. Wataanza kubishana wao kwa wao kama nyumba ilikuwa hii au ile yenye mwembe, atatumwa mtoto kumwita bibi fulani, na huyo bibi atakuja na khanga mbili akimwangalia mama usoni. Tenga jioni nzima kwa hilo, na ikiwezekana isiwe ile ya boti.